Matumbawe laini yanadhoofika tangini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ndiyo yanayorudiwa zaidi na watu wanaofuga matumbawe laini nyumbani, hasa pale tumbawe lililokuwa limechanua jana linapokutwa asubuhi limesinyaa. Yamepangwa kuanzia mambo ya msingi hadi hali zisizotokea mara nyingi. Panapofaa, jibu moja litakuelekeza kwenye jingine badala ya kurudia maelezo.

## Mambo ya msingi

1. Matumbawe laini ni yapi hasa?

Ni wanyama wanaoishi kwa makoloni. Kila polipu, yaani mnyama mmoja mmoja wa koloni, ya tumbawe laini la kweli ina minyiri minane, na kila mnyiri una vitawi vidogo pembeni kama unyoya wa ndege. Tofauti na matumbawe magumu, haya hayajengi jiwe la kusimamia. Hujisimamisha kwa maji yaliyojaa mwilini na kwa vijiti vidogo sana vya chokaa vilivyotawanyika ndani ya nyama. Yanayofugwa zaidi ni Sarcophyton na Lobophytum, ambayo wafugaji huyaita matumbawe ya ngozi, pamoja na Sinularia, Capnella, Xenia na Briareum. Zoantidi (polipu ndogo zinazoota kwa vikundi) na uyoga wa bahari, kama Discosoma na Rhodactis, huwekwa katika kundi hili kwa sababu hutunzwa kwa namna ile ile, ingawa kwa nasaba yako karibu zaidi na matumbawe magumu.

Suala la maji mwilini ni la kulishika mapema. Tumbawe laini likikerwa hutoa maji hayo na kunywea, na ndani ya muda mfupi linaweza kubaki nusu ya ukubwa wake. Kwa hiyo kusinyaa peke yake hakutoshi kuitwa ugonjwa.

2. Nitajuaje kama tumbawe linaumwa au linapumzika tu?

Tumbawe linalopumzika hubaki na rangi yake, nyama yake huwa imara, na mguu wake huwa umeshika mwamba barabara. Mengi hujifunga usiku na kuchanua taa zinapowaka. Linaloumwa huonyesha mengine: sehemu ya chini hugeuka nyeusi au kijivu, nyama hulegea na kuning'inia kama kamasi, mashimo hutokea, au mwili hupauka hadi ukaonekana kama kioo.

Harufu ni shahidi mzuri kuliko macho. Vuta maji kidogo kwa bomba la sindano lisilo na sindano, karibu kabisa na sehemu unayoishuku, kisha yanuse. Tumbawe la ngozi lenye afya lina harufu yake kali ambayo utaizoea, lakini nyama inayooza hunuka kama yai viza na haikosewi. Zaidi ya hapo, piga picha kila siku saa ile ile chini ya taa ile ile, kwa kuwa macho ya mtu mwenye wasiwasi huona kudhoofika hata pasipokuwapo.

3. Siku niliyoona dalili, nipime nini kwanza?

Anza na joto na chumvi, kwa sababu hubadilika haraka na ndivyo vinavyosahaulika. Joto la nyuzi 24 hadi 27 za Selsiasi linafaa. Chumvi iwe gramu 35 kwa kila kilo ya maji, ambayo kwenye vipimo vingi husomeka 1.025 hadi 1.026. Kisha pima amonia, ambayo haitakiwi kuonekana kabisa, halafu ualkali (uwezo wa maji kuhimili asidi), ambao ukae kati ya 7 na 10 kwa kipimo cha dKH, naitreti kati ya miligramu 5 na 20 kwa lita, na fosfeti kati ya 0.03 na 0.1. Kalsiamu ya 400 na magnesi ya 1,300 hivi zinatosha. Matumbawe laini hutumia kalsiamu kidogo, hivyo vipimo hivyo viwili vinaweza kusubiri kesho.

Andika kila namba pamoja na tarehe na saa. Ualkali wa 8 leo hauna tatizo lolote, ila kama wiki iliyopita ulikuwa 11, umeshampata mshukiwa.

4. Nifanye nini kabla sijajua chanzo?

Badilisha asilimia 10 hadi 15 ya maji kwa maji mapya yenye joto na chumvi ile ile, weka kaboni mpya (mkaa maalumu wa kusafishia maji) ya kiasi cha kawaida kwenye kichujio, kisha ngoja.

Kungoja huko nakusisitiza. Matumbawe mengi laini niliyoyaona yakifa hayakuuawa na tatizo la kwanza. Yaliuawa katika wiki iliyofuata, pale mwenye tangi alipoyahamisha mara tatu, akapandisha taa, akatia iodini na kubadilisha nusu ya maji, yote kabla Jumapili haijafika. Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu nami nililifanya. Tumbawe langu la kwanza la ngozi, pana kama kiganja, lilijifunga kwa siku 6 tu. Kila siku nililigeuza na kulisogeza nikilitafutia mahali pazuri zaidi, na siku ya 9 shina likaanza kuwa jeusi pale pale vidole vyangu vilipokuwa vikilishika.

Badilisha jambo moja, ulipe siku 5 hadi 7, ndipo uguse jingine. Yapo mambo mawili tu yasiyongoja: amonia inayopimika na nyama inayooza (tazama maswali ya 21 na 24).

## Maji

5. Vipimo vyote viko sawa lakini matumbawe yanazidi kunywea. Kwa nini?

Kishuku kwanza kifaa. Kipimo cha chumvi chenye mshale hudanganya pale kiputo kimoja cha hewa kinapong'ang'ania mshale, au chumvi iliyokauka inapokizuia. Kile cha kutazama kwenye mwanga kirekebishwe kwa kimiminika maalumu cha gramu 35, kwa kuwa kukirekebisha kwa maji matupu huficha kosa lililopo kwenye kiwango cha bahari. Kemikali za kupimia nazo huisha muda. Tazama tarehe kwenye chupa.

Kama vifaa ni wazima, fikiria yale ambayo vipimo vya nyumbani havionyeshi. Sumaku ya pampu iliyopasuka ganda lake hupata kutu na kumwaga metali tangini, kwa hiyo toa pampu moja baada ya nyingine, uzipanguse, uzitazame kwenye mwanga. Viunganishi vya shaba kwenye bomba la kujazia maji ni hatari kwa mnyama yeyote asiye na uti wa mgongo. Mikono yenye losheni, manukato au mabaki ya sabuni huleta madhara yale yale.

Kisha kuna dawa ya mbu ya kupuliza, ambayo katika nyumba zetu hutumika bila kufikiriwa. Dawa nyingi za aina hiyo zina sumu kali kwa samaki na hasa kwa kamba, na pampu ya hewa huivuta moja kwa moja hadi majini. Ukiona kamba wa tangini wanayumba au wamekufa siku ile ile matumbawe yalipojifunga, uliza nani alipuliza dawa sebuleni. Majirani wa tumbawe nao ni washukiwa, na swali la 13 limewaeleza.

6. Maji yangu yana naitreti sifuri na fosfeti sifuri. Si ndiyo usafi unaotakiwa?

Hapana, na kwa matumbawe laini hali hiyo ni njaa. Ndani ya nyama yao wanaishi mwani wadogo waitwao zooxanthela, ambao hutengeneza chakula kwa usanisinuru na kumgawia mwenyeji wao. Mwani hao wanahitaji naitrojeni na fosforasi. Vikikosekana, tumbawe hupauka, hupungua mwili na kuacha kukua, huku mwenye tangi akifurahia kioo kisicho na mwani. Sifuri hizo mbili pia hufungua mlango kwa dinoflajelati, utelezi wa kahawia wenye nyuzi na viputo vya hewa, ambao ukishatawala huchukua miezi kuuondoa.

Ikiwa unatumia dawa ya kufyonza fosfeti, itoe. Walishe samaki zaidi kidogo, punguza muda wa skima (kifaa kinachotoa uchafu majini kwa povu), na upime kila baada ya siku 3 hadi namba zionekane. Usizitafute kwa haraka, maana kinachodhuru zaidi ni kuruka kwa ghafla, kuwe kwa kupanda au kwa kushuka.

7. Ninaishi pwani. Je, nitumie maji ya bahari niliyoyachota mwenyewe?

Unaweza, na wapo wanaofanya hivyo kwa miaka, lakini mahali na wakati wa kuchota ndivyo vinavyoamua. Chota maji yakiwa yamejaa, hasa wakati wa bamvua, mbali na bandari, mifereji ya mji na midomo ya mito. Masika ni msimu mbaya: mvua kubwa hushusha chumvi karibu na ufuo, na mito hubeba udongo na mbolea. Aliyewahi kuona bahari ya Malindi ikigeuka rangi ya udongo kwa maji ya mto Sabaki hahitaji maelezo zaidi.

Pima chumvi kila unapochota. Yapitishe maji kwenye kichujio cha kitambaa kizito, yahifadhi kwenye pipa safi la kuhifadhia chakula lililofunikwa lisipate mwanga, yenye pampu ndogo ya kuyazungusha, kisha upime amonia kabla ya kuyatumia. Kuchota maji kusikufanye uchume na matumbawe. Ndani ya hifadhi za bahari kama Mafia, Malindi na Kisite-Mpunguti kuyang'oa ni kosa, na miamba hiyo bado inabeba kovu la kupauka kwa mwaka 1998.

8. Na maji ya bomba au ya kisima?

Yapitishwe kwanza kwenye mtambo wa kuchuja wenye utando na resini, hadi kipimo cha vilivyoyeyuka kisome sifuri. Maji ya bomba yana klorini au kloramini, na mara nyingi fosfeti na shaba ya mabomba. Visima vya pwani huwa na chumvichumvi na mara nyingine naitreti. Kuyachemsha hakuondoi metali wala naitreti.

9. Tangi linafika nyuzi 30 mchana, na umeme hukatika mara kwa mara. Nifanyeje?

Feni inayopuliza juu ya maji hushusha joto kwa nyuzi 2 au 3 kwa njia ya uvukizi. Hufanya kazi vizuri zaidi Nairobi kuliko Mombasa au Muscat wakati wa unyevu mwingi, kwa sababu hewa iliyokwisha jaa mvuke haipokei zaidi. Kumbuka kwamba maji yanayovukiza huacha chumvi nyuma, kwa hiyo ongezea maji matamu safi kila siku. Punguza pia saa za taa mchana na uzihamishie jioni. Anayepata nyuzi zaidi ya 29 kila siku ajitahidi kununua mashine ya kupooza maji, kwani joto huwafanya zooxanthela waliosongwa na mwanga watoke, na hapo ndipo kupauka kunapoanza.

Umeme ukikatika, hatari ya kwanza ni oksijeni. Kuwa na pampu ya hewa ya betri, usilishe samaki, na usifunike tangi. Matumbawe laini yanastahimili saa kadhaa za giza na utulivu vizuri kuliko samaki walio juu yake.

## Mwanga na mkondo

10. Tumbawe langu limepauka. Je, mwanga umezidi?

Inawezekana sana, hasa kama taa ni mpya au tumbawe limetoka dukani wiki hizi. Matumbawe mengi laini hutosheka na mwanga wa PAR 50 hadi 150 (PAR ni kipimo cha mwanga unaofaa kwa usanisinuru), na yanayotoka kwenye matangi yenye giza ya wauzaji yanahitaji wiki 3 au 4 kuzoea. Yaweke chini kwanza, upandishe taa kwa asilimia 5 kila wiki. Ikiwa taa hazijabadilika, rudi kwenye maswali ya 6 na 9, kwa kuwa njaa na joto huleta sura ile ile.

Tumbawe lililopauka halijafa. Limepoteza mwani wake, nao wanaweza kurudi. Lipunguzie mwanga, ulilishe vyakula vidogo vya majimaji mara 2 kwa wiki, usiliguse.

11. Limerefuka shina na kuinamia upande wa taa. Je, ni ukuaji?

Linatafuta mwanga. Lisogeze juu kidogo kidogo, au pandisha taa kama ilivyoelezwa katika swali la 10.

12. Mkondo wa maji uwe wa kiasi gani?

Tazama polipu, usitazame namba zilizoandikwa kwenye boksi la pampu. Mkondo mzuri huzifanya ziyumbe huku na huku bila utaratibu, kama majani ya mnazi kwenye upepo wa kawaida. Zikilala upande mmoja muda wote, pampu inalipiga tumbawe moja kwa moja, na nyama ya upande huo itamomonyoka. Zikisimama tuli na vumbi likaonekana limetua juu ya kichwa cha tumbawe la ngozi, mkondo ni mdogo, na uozo huanzia hapo hapo vumbi lilipolala.

## Majirani na wavamizi

13. Ni kweli kwamba matumbawe laini hupeana sumu?

Ni kweli, na kwa maoni yangu ndiyo sababu inayopuuzwa kuliko zote. Kwa kuwa hayana ganda wala mifupa ya kujikinga, hujilinda kwa kemikali. Sarcophyton na Sinularia hutoa terpeni majini, vitu vinavyozuia jirani asikue na pengine kumuua. Baharini mkondo huzibeba zikapotea. Katika tangi la lita 200 huzunguka na kurudi. Dalili yake ni ya pekee: vipimo ni vizuri, matumbawe ya ngozi yamenawiri, na magumu au Xenia yanadhoofika moja baada ya jingine.

Tumia kaboni muda wote na uibadilishe kila baada ya wiki 2 hadi 4. Acha nafasi ya kiganja kizima kati ya koloni na koloni, ukikumbuka kwamba tumbawe la ngozi linaweza kukua mara kadhaa ya upana ulilolinunua nao. Siku unapolikata, sumu hutoka kwa wingi, hivyo ukataji ufanyike nje ya tangi (swali la 21).

14. Samaki anaweza kuwa ndiye anayelidhuru?

Ndiyo. Kaa mbali na tangi na utazame kwa nusu saa, kwani samaki wengi huacha kudonoa wanapomwona mtu. Samaki-malaika, hata wale wadogo wa Centropyge, hudonoa polipu, na samaki-kipepeo Chaetodon melannotus kwa asili hula matumbawe laini. Samaki wa dondoro (anemoni ya bahari) asiye na dondoro naye hujisugua kwenye tumbawe la ngozi hadi likakataa kuchanua. Hakusudii ubaya, ila tumbawe dogo halimudu.

15. Naona alama kama za kung'atwa lakini simwoni mnyama. Nani anakula?

Tazama usiku kwa tochi yenye mwanga mwekundu. Wanaotafutwa zaidi ni konokono uchi. Tritoniopsis elegans, mweupe mwenye vishungi pembeni, hukaa kwenye mguu wa tumbawe la ngozi akifanana nalo kabisa, na mayai yake hupangwa kama utepe uliopindapinda. Zoantidi nazo zina konokono uchi wao, wanaochukua hadi rangi ya polipu walizokula.

Yupo pia Ovula ovum, yule konokono mweupe laini kama yai ambaye ganda lake wenyeji wa mwambao wetu wamelizoea. Akiwa hai hulifunika ganda hilo kwa vazi jeusi lenye vidoa, na chakula chake ni Sarcophyton. Ni mzuri kwa macho, lakini tangini atakula tumbawe hadi mguu.

Watoe kwa koleo, sugua mayai yote, na ulioshe tumbawe kama ilivyo katika swali la 22. Rudia baada ya siku 7, kwa sababu dawa za kuogeshea haziui mayai.

## Aina moja moja

16. Tumbawe la ngozi limejifunga wiki nzima na linang'aa kama limepakwa nta. Linakufa?

Karibu kila mara jibu ni hapana, linajichuna. Sarcophyton na jamaa zake hufanya hivyo mara kadhaa kwa mwaka ili kuondoa mwani na uchafu uliowaganda. Kwanza polipu zote huingia ndani, kichwa kikabaki laini. Kisha uso huanza kung'aa, na baada ya siku chache utando mwembamba huinuka ukingoni, unakunjamana na kuachia vipande vipande, mfano wa utando wa maziwa yaliyochemka yakapoa. Chini yake nyama ni safi, na polipu hurudi kama vinukta vya rangi ya krimu.

Hali hiyo huchukua siku chache hadi wiki 2, na kwa tumbawe lililosafirishwa au kuhamishwa karibuni inaweza kufika wiki 3. Kinachosaidia ni mkondo. Ongeza kidogo, au puliza maji kwa bomba la sindano juu ya kichwa chake ili utando usigande. Usiubandue kwa vidole. Ukiona weusi chini ya utando au ukisikia harufu ya uozo, nenda swali la 21.

17. Xenia imeacha kupiga, kisha ikayeyuka kwa siku 2. Ilikuwa nini?

Xenia hudhoofika kwa kasi kuliko matumbawe mengine laini. Kufungua na kufumba kwa mikono yake si pambo: utafiti uliofanywa juu ya jamaa yake, Heteroxenia fuscescens wa Bahari ya Shamu, na kuchapishwa mwaka 2013, ulionyesha kwamba mwendo huo huondoa oksijeni iliyozidi kwenye nyama na hivyo kuongeza usanisinuru. Ikisimama kwa muda mfupi wakati wa alasiri, imepumzika. Ikisimama siku nzima na mikono ikaanza kufupika, kuna kilichobadilika ghafla, na aghalabu ni chumvi, ualkali au joto.

Ondoa vishina vilivyoyeyuka siku hiyo hiyo kwa kuvivuta na bomba, maana huoza na kuambukiza vya jirani. Hamishia vilivyo hai kwenye tangi jingine kama unalo. Nilichojifunza ni kuwa na tawi moja la akiba kwa rafiki, kwani koloni iliyojaa mwamba mzima inaweza kutoweka ndani ya wiki moja.

18. Zoantidi hazifunguki. Na je, ni kweli zina sumu kwa binadamu?

Sababu za kutofunguka ni zile zile: wadudu (swali la 15), uchafu uliotua juu yake, mwani uliojipenyeza kati ya polipu, au samaki anayezidonoa.

Kuhusu sumu, ni kweli na ni jambo zito. Baadhi ya zoantidi, hasa za jenasi ya Palythoa, zina palitoksini, mojawapo ya sumu kali zaidi zinazojulikana kwa viumbe, na haina dawa ya kuitangua. Usichemshe wala kumwagia maji ya moto mwamba wenye zoantidi. Mvuke wake umepeleka familia nzima hospitalini. Usizisugue nje ya maji kwa brashi, usizikate bila glavu na miwani, na usiziguse ukiwa na kidonda mkononi. Ladha ya chuma mdomoni, kifua kubana, homa au maumivu ya misuli baada ya kuzishika ni sababu ya kwenda hospitali mara moja na kumtajia daktari jina la sumu hiyo.

19. Capnella inadondosha matawi. Inakufa?

Tumbawe hili, ambalo wauzaji wa nje huliita mti wa Kenya, huzaliana kwa njia hiyo. Shina likiwa imara, matawi yanayodondoka ni watoto wake. Yaokote uyaweke mahali unapotaka yaote.

20. Nilinunua tumbawe jekundu lenye rangi ya kupendeza ajabu, nalo linapungua kila wiki.

Yaelekea ni Dendronephthya. Halina zooxanthela, hivyo mwanga haulilishi. Hutegemea kuchuja chakula kidogo mno majini, mchana na usiku. Katika tangi la kawaida hufa kwa njaa polepole hata maji yakiwa mazuri. Muuzaji aliyekuuzia bila kukueleza hivyo hakukutendea haki. Kama bado lina nguvu, mpe mtu mwenye tangi la kulisha mfululizo.

## Matibabu na hali ngumu

21. Upande mmoja unaoza. Nikate?

Kata, na ukate leo. Chukua beseni 2 zenye maji ya tangi, wembe mpya, glavu na miwani. Toa tumbawe pamoja na mwamba wake kama inawezekana. Kata ndani ya nyama nzima, sentimita 1 hivi kupita mpaka wa uozo, kwa mkato mmoja usiosita; nyama nzima ni ngumu kidogo kama gegedu, na sehemu ya ndani iwe ya rangi moja bila mistari ya kahawia. Suuza katika beseni la kwanza, kisha la pili, na usirudishe maji hayo tangini.

Gundi haishiki vizuri kwenye ute. Lifunge tumbawe kwenye kipande cha mwamba kwa uzi au mpira laini usiobana, au liweke kwenye kibakuli chenye changarawe mahali penye mkondo wa wastani. Badilisha kaboni siku hiyo, na tena baada ya siku 3.

22. Kuogesha kwa iodini kunasaidia?

Kunasaidia kwenye vidonda vibichi na baada ya kuondoa wadudu. Fuata kipimo cha kwenye chupa, tumia maji ya tangi kwenye chombo cha pembeni, na usizidishe dakika 10 hadi 15. Kutia iodini tangini kila siku ni jambo jingine. Bahari ina kiasi kidogo mno, takriban miligramu 0.06 kwa lita, na ubadilishaji wa maji hutosha kukirudisha. Kuogesha kwa maji matamu kusitumike, kwa sababu mwili uliojaa maji ya chumvi huvimba na seli hupasuka.

23. Samaki wana madoa meupe. Nitie dawa tangini?

Dawa za madoa meupe zenye shaba zitaua matumbawe, na shaba hujificha ndani ya mawe na mchanga kwa muda mrefu baadaye. Mhamishie samaki kwenye tangi la karantini umtibu huko.

24. Nimerudi safari nikakuta tumbawe kubwa limeoza na maji yamekuwa kama maziwa.

Ongeza hewa kwanza, kwani bakteria wanaokula uozo wamemaliza oksijeni. Toa tumbawe lililokufa pamoja na mwamba wake, fyonza mabaki yote, kisha pima amonia. Hapa ubadilishaji mkubwa wa maji, asilimia 30 hadi 50, ni halali, mradi joto na chumvi vilingane. Weka kaboni nyingi, fungua skima kwa nguvu, na urudie asilimia 20 kesho yake. Matumbawe yaliyobaki yatajifunga kwa siku kadhaa, yaache yalivyo.

25. Ni wakati gani nikubali kwamba limekufa?

Pale mguu unapoachia mwamba wenyewe na nyama ikawa uji unaonuka. Kabla ya hapo usilitupe. Kisiki cha tumbawe la ngozi chenye ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, kikiwa kigumu na hakinuki, kinaweza kukaa wiki 6 au 8 bila polipu hata moja. Kiache mahali penye mkondo, usikisogeze, na ukiangalie ukingoni kwa kioo cha kukuzia: polipu za kwanza huonekana kama punje za ufuta, nyeupe, zikiwa bado hazijafungua minyiri.